Namba za Ukutani

Masika, Moshi. Umeme umekatika mara mbili,
jenereta imekohoa, ikasimama,
na dari la wodi ya wanawake limeanza tena kuvuja
juu ya kitanda cha saba.

Tukamsogeza bibi dirishani, chini ya namba tisa.
Wa tisa tukamvuta karibu na meza ya dawa.
Pale saba tukaweka beseni.
Wagonjwa walihama. Mafaili hayakuhama.
Namba zimepakwa rangi ukutani, zenyewe haziendi popote.

Na wote wawili ni Kimambo.
Huku kwetu si ajabu, ita ukoo mmoja
korido nzima itaitika.
Aikande Kimambo wa Kibosho, figo.
Aikande Kimambo wa Mwika, sukari.

Saa tatu na robo nikavuta insulini,
yuniti kumi na nne,
nikaligonga bomba kwa ukucha, povu likapanda,
mkono wangu umetulia kama wa fundi saa.
Hilo ndilo linalonitisha hadi leo.
Kosa halikuja likiyumba kama mlevi.
Lilikuja na sare iliyopigwa pasi,
limenawa mikono hadi viwikoni.

"Shikamoo bibi. Sindano yako."
"Marahaba. Ya nini?"
"Ya sukari, bibi."
Akavuta khanga hadi kidevuni.
"Sukari yangu mimi iko kwenye chai.
Hebu soma tena hiyo karatasi yako."

Nikasoma kwa tochi ya simu.
Mwika.
Kwenye beseni, tone. Kisha tone.

Asubuhi mlima ulikuwa wazi, mweupe wote,
kama vile usiku haukuwapo.
Ningeweza kunyamaza. Nani alijua?
Bibi anakunywa uji, sindano imo kwenye sanduku la taka kali,
na mimi nina mkopo, nina mtoto darasa la pili.

Nilimwambia Sista Restituta nikiwa nimesimama,
nikingoja barua ya onyo.
Hakupandisha sauti. Alifungua droo,
akatoa kaunta buku chini ya boksi la glavu,
akanionyesha ukurasa wa kwanza, mwandiko wake mwenyewe:
mwaka wa tisini na tatu, mama mzazi,
vichupa viwili, vifuniko rangi moja.
Jina la yule mama ameliandika lote matatu.

"Huyu hakuniuliza ya nini," akasema.
"Alikuwa usingizini."
Akanipa kalamu.

Sasa kila mkono una plasta, na jina, na kijiji.
Vijana wa mafunzo wananicheka,
eti nahoji kama polisi wa mpakani:
unaitwa nani, binti wa nani, umezaliwa wapi.
Wacheke.
Dari bado linavuja, fundi ameahidi Jumanne
na hajasema Jumanne ipi.

Nami nikiinua sindano
husubiri kidogo, mtu aulize.
Asipouliza,
najiuliza kwa sauti.