Sikio la Punda

Picha niliipiga mimi, sikatai.
Mwezi wa kumi, saa nne kasoro, kwenye mchanga wa mto Bubu
kabla haujafika Bahi,
nikiwa na futi kamba ya ofisi na daftari la visima.
Sechelela Masinjisa alikuwa amechimba hadi kiunoni,
anachota kwa kata, taratibu, asiyatibue.
Punda wake, anaitwa Hesabu,
akanyakua ukurasa wangu wenye visima kumi na viwili
akautafuna akinitazama,
na Sechelela akacheka mpaka akaziba mdomo kwa khanga
kwa ajili ya pengo.
Hapo ndipo nilipobonyeza.

Nilimtumia dada yangu Kongwa. Basi.
Dada akawatumia wanakwaya wenzake.
Mtu huko, sijui nani, akamkata punda
ili picha ikae vizuri kwenye kioo.
Likabaki sikio moja pembeni, kama jani kavu.

Walisema njia ya mwongo ni fupi.
Hii ilivuka mpaka usiku, alfajiri ikaamka na Kireno,
adhuhuri ikavaa Kiarabu, jioni herufi nisizozijua.
Kwingine Sechelela alikuwa analia njaa.
Kwingine anamlilia mwana aliyeuawa na askari
wa nchi ambayo hawezi hata kuitamka.
Wengine wakasema: mwigizaji huyo, tazameni kucha,
mwenye njaa ana kucha safi?
(Mkono ulikuwa umetoka majini, jamani. Majini.)
Wengine: hakuna mtu hapo, mashine imemchora.
Wakalizungushia duara jekundu lile sikio:
"Oneni ilipokosea. Hiki nacho ni nini?"

Punda ndiye aliyekuwa shahidi wangu,
na kipande chake kilichosalia
kikatumika kunithibitisha mwongo.

Nikaandika. Nilikuwepo, nikasema, alikuwa anacheka,
na jina lake kwa Kigogo ni furahi.
Watu wanne walijibu.
Mmoja aliuliza nalipwa na nani.

Nikaenda kwake. "Mbukwenyi," nikabisha uani.
Alikuwa anapepeta uwele.
Mjukuu wake, Lameki, alikuwa ameshaiona,
simu imetoka kuchajiwa mashineni, ina moto.
"Bibi, hapa ulikuwa unalia."
"Nilikuwa nacheka, we mtoto."
"Lakini angalia."
Akaangalia.
Akaangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka,
ungo umelala mapajani, kuku wanajihudumia.
"Labda nililia," akasema.
"Mwaka ule ulikuwa mgumu."

Lisemwalo lipo; kama halipo, laja.
Lilikuja Jumanne, kwa gari jeupe:
vijana wawili wapole, na maji ya chupa,
wakamwomba akae palepale, azibe mdomo vilevile.
"Nilie kwa lugha gani?" akauliza,
naye alikuwa anauliza kweli.
Wakacheka. Akacheka na yeye, khanga ikapanda mdomoni.
"Hapo hapo, mama! Usitikisike."
Hesabu walimfunga mbali, kwenye mgunga,
asiharibu kazi.
Mto Bubu nao ulikuwepo siku zote mbili.
Haujasema kitu.

Leo asubuhi nimeletewa mzee wa nchi ya theluji,
ameinama, viganja usoni,
na chini yake maneno ya kuchemsha damu.
Damu yangu ikachemka.
Kidole kilikuwa kimeshafika pale pa kutuma,
mimi niko nyuma yake nakifuata.
Nikakirudisha. Nikaivuta ile picha kwa vidole viwili,
nikaikuza, nikaikuza, mpaka theluji ikawa vigae vya kijivu,
nikapita ukingo wa kushoto, wa kulia, wa chini,
natafuta sikio.

Sikuliona.
Labda huko wanajua kukata.