Kotmiri na Ng'onda

Kwetu Kuze tuliita kotmiri.
Wa bara huita dania, na wauzaji wa Kongowea
huita lolote litakalokufanya ufungue mkoba.
Mimi niliita sabuni.
Si mfano, si maringo: sabuni ya kipande,
ile ya buluu ya kufulia kanzu,
imekatwakatwa ikatupiwa mchuzini mwangu.

Nilikuwa na miaka saba. Nilichambua jani baada ya jani
nikayapanga ukingoni mwa sahani
kama viatu mlangoni mwa msikiti.
Shangazi Somoe akashika kiuno:
"Tazamani! Yuwala kama karani wa forodha!
Huyu atachukuliwa na mume yupi?"
Mama hakusema kitu. Alikamua ndimu
akidhani ndimu itaficha.
Ndimu haifichi. Ndimu huisugua sabuni
mpaka ikatoa povu.

Na jambo linalonishinda hata leo ni hili:
mbegu zake nazipenda.
Giligilani. Litamke polepole, lina njuga ndani.
Zikaangwe kavu, zitwangwe na bizari nyembamba,
sufuria ya pilau ifunuliwe Ijumaa,
mimi ndiye wa kwanza kufika kwenye sinia.
Mtoto nampenda kufa,
mamake simtaki hata kizingitini.
Nielezeni, nyinyi mnaojua ukoo wa mimea.

Kisha akaja Badi wa Mwembe Kuku,
fundi wa makontena ya barafu bandarini,
mtu anayetafuna kotmiri mbichi, shina na jani,
akingoja viazi karai vipoe.
Nilimpenda hivyo hivyo.
Nilimwambia kabla ya nikaha:
ukishakula, mswaki kwanza, maneno matamu baadaye.
Akacheka. Hakujua bado
kwamba nami nina langu.

Ng'onda.
Papa aliyelala chumvini na juani
mpaka akasahau kuogelea,
nimtie tui zito na kipande cha embe bichi,
sima iwe ya moto, mkono uwe mtupu, mlango ufungwe.
Nikimchemsha, jirani wa ghorofa ya tatu hukaza madirisha,
na Badi hushuka ngazi
wakati paka wote wa mtaa wanazipanda.
"Soksi za baharia," husema.
"Afadhali," namjibu. "Wewe wanuka dobi."

Basi tukawa na sufuria mbili, visu viwili,
ubao wangu na ubao wake,
na miaka kumi na mmoja ya vita visivyo na mshindi.
Mwanetu Shamsa tulimfanya hakimu.
Akaonja kulia. Akaonja kushoto.
Akatema mara mbili,
akadai shilingi kumi za mabuyu.

Mwezi huu Badi yuko zamu ya usiku.
Saa kumi na moja jioni najikuta nimesimama jikoni,
pumzi nimeibana kama mzamiaji,
nakata kotmiri yake, nyembamba, nyembamba,
naimwaga juu ya mchuzi wake wa kamba,
nafunika upesi kabla haijaniona.
Hakuniomba. Sijamwambia.
Vidole vyangu hunuka ufuaji usiku kucha.

Na leo alfajiri kapitia Marikiti.
Nilimsikia kabla sijamwona: kengele ya baiskeli,
halafu kikohozi cha mtu anayevuta hewa kwa mdomo.
Nikachungulia dirishani.
Leso kaifunga puani kama jambazi.
Usukani kaushika kwa mkono mmoja;
wa pili kaunyosha mbali, mbali kabisa na mwili wake,
na mwisho wa mkono huo, ndani ya gazeti la juzi,
mkia wa papa unaning'inia.
Nyuma yake, kwa adabu, paka watatu.