Mirusho Ishirini

Mwalimu Bugumba alichora duara ubaoni,
akalikata kwa chaki:
"Sarafu haina upendeleo. Nusu kwa nusu."

Nyuma ya choo cha shule nikarusha mia mbili yangu,
mara ishirini.
Simba kumi na nne.

"Rusha tena," akasema. "Rusha mia, rusha elfu.
Nusu itakuja yenyewe,
kama maji yanavyotulia ndooni."

Nyumbani Igombe redio ilisema:
mvua, siku moja katika tano.
Zikanyesha tatu.
Dagaa wakaoza mchangani, harufu hadi barabarani,
na Nkwimba wa mikopo akafika na daftari lake
palepale, miguu haijakauka.

Nikamweleza mama habari za elfu,
kwamba siku zikiwa nyingi hesabu hunyooka.
Akakung'uta neti, magamba yakamrukia usoni.
"Sibishani na mwalimu wako.
Mwambie tu mimi nilipewa mirusho mitano,
na yote ilikuwa ya kukopa."

Usiku nikarusha ya ishirini na moja.
Ikabingirika uvunguni.
Umeme ulikuwa ukipiga upande wa Ukerewe.
Sikuwasha taa.