Sufu Haitundikwi

Mwezi wa tano, barafu ikishaachia ufuo wa Kihnu,
Leida hufungua kasha.
Haanzi kwa salamu, huanza kwa nondo:
"Ukimwona mmoja, mia wameshashiba."

Tunazitoa sketi moja moja,
tunazigeuza ndani nje,
tunazilaza juu ya ua wa mbao, upande wa kivuli,
maana jua nalo ni mlaji,
hupenda nyekundu kuliko rangi zote.
Brashi kwenye pindo. Pua kwenye mshono.
Mkwe wangu hunusa sketi
kama wengine wanavyonusa maziwa.

"Sufu haitundikwi, Maret.
Ukiitundika hujivuta yenyewe kwa uzito wake
mpaka ifagie banda la kuku.
Kusanya rinda juu ya rinda,
taratibu, kama unahesabu pesa za watu.
Funga kwa mshipi, kiunoni na pindoni,
usikaze, sketi si mwizi.
Ilaze ubavu."
Pembeni, vipande vya sabuni vilivyokonda,
na matawi ya kile kichaka cha kinamasini
kinachofukuza nondo na kumuumiza mtu kichwa.
"Kichwa hupona," husema. "Tundu halijizibi."

Huku kwetu sketi ina ulimi.
Nyekundu ni ya mwali, na ya siku njema.
Nyeusi, kila mtu anajua.
Kati yake kuna bluu,
na mistari myekundu inayorudi mmoja mmoja
kadiri moyo unavyoruhusu,
au kadiri majirani wanavyoruhusu,
sijapata kujua ni lipi.

Zamani nyeusi ilikaa chini kabisa,
chini ya sketi za harusi, chini ya aproni za Pasaka,
kama mtu yeyote mwenye akili angeiweka.
Halafu usiku ule wa Februari,
Ruudi, pikipiki, na barafu iliyokuwa nyembamba
mahali ambapo jana yake ilikuwa nene.
Tulitoa sketi kumi na moja kuifikia.
Nakumbuka nyekundu zimetapakaa sakafuni chini ya taa,
chumba kizima kama kina sherehe,
na sisi wawili magotini, tukichakura.

Tangu hapo Leida aliiweka juu.
"Ajali haina kinga," alisema,
"lakini nguo yake iwe karibu na mkono."

Huu ni mwaka wa tatu.
Navaa bluu yenye mistari minne.
Pille, ana miaka sita, huihesabu kwa kidole:
"Mama, umebakiza mingapi?"

Leo, bila kuuliza, nimeiweka nyeusi chini.
Leida akatazama.
Akatoa zote upya, moja moja, na magoti yake yale mabovu.
Nikangoja neno.
Akasema, "Rinda la saba limepinda."
Akalinyoosha, akafunga mshipi,
akairudisha chini, kulekule nilikoiweka.
"Ukiificha, ifiche imenyooka."

Ikabaki ile fulana nzito ya Ruudi,
ya sufu, bluu na nyeupe, shingo yenye uzi mwekundu,
Leida mwenyewe aliifuma.
Miaka mitatu inaning'inia kwenye msumari wa ukumbini.
Mabega yameota pembe, mikono imerefuka
kuliko mikono aliyokuwa nayo.
Miaka mitatu Leida anapita hapo na ndoo,
anapita na kuni, yeye wa sufu haitundikwi,
na hajawahi kusema kitu.

Nimeishusha.
Chini ya kwapa kulikuwa na tundu dogo, la kuingia punje ya shayiri.
Nimeilaza mezani, kifua chini.
Nikauliza, "Mikono niikunje mbele au nyuma?"

Alikuwa anakata sabuni. Hakuinua macho.
"Nyuma," akasema.
"Mbele hukunjiwa maiti."

Kisha akanyoosha mkono apewe sindano.