Kokwa la Bisya

Zuwena anamimina maji
kwenye ndoo yenye majivu ya jiko la kale.
Udongo unazama, makaa yanaelea;
anayaopoa kwa chujio la chai la mamake.

Chini ya darubini: kijiti cha mgunga,
kokwa la tende lililogugunwa na panya,
chapa ya tete kwenye kipande cha tofali.
Tete! Hapa, ambapo mbuzi hutafuna katoni.

Basi palituama maji.
Palikuwa na vyura, na mbu wa kulaaniwa.

Dereva anacheka: “Bonde hili? Labda ndotoni.”
Hamjibu. Anamwekea kiganjani
kokwa moja la kunazi,
jeusi, jepesi kuliko noti ya baisa mia.

Muhanna anafumba ngumi polepole,
kama aliyekabidhiwa mtoto wa watu.