Mwenye Kuvukuta

Mimi ndiye niliyevukuta.
Andikeni hivyo, kama mnaandika.
Vavrinec alisoma, alipima, alifumba macho akaomba;
mkono juu ya mvukuto ulikuwa wangu,
miaka kumi na minne, pale Kutná Hora,
mji uliotobolewa chini kama jibini
na baba zetu waliofuata mshipa wa fedha.
Fedha: neno moja,
ila wachimbaji waliijua moja
na mabwana wakaijua nyingine.

Alinifundisha usiku, moto ukiwa mdogo.
Kila kitu, alisema, kina dhahiri na batini.
Risasi si risasi, ni Zohali mzee, mgonjwa wa baridi,
anayengoja kuamshwa awe Jua.
Zebaki ni bibi asiyeshikika,
kiberiti ni bwana mwenye hasira,
na wakitaka kuoana ndani ya chupa
sharti kwanza wafe.

Kitabuni alinionyesha simba wa kijani
akilitafuna jua, damu ikimchuruzika kidevuni;
na nyoka aliyeumeza mkia wake,
hana pa kuanzia wala pa kuishia.
Nikamwambia: nyoka huyo ni mkate wetu,
tunakula leo tulichokikopa kesho.
Alicheka. Wakati ule alikuwa bado anacheka.

Alitangulia kunguru: weusi, uvundo, siku arobaini.
Akaja tausi, rangi zote kwa mpigo,
tukashikana mikono kama watoto
mbele ya dirisha la kanisa.
Kisha njiwa, weupe.
Wekundu haukuja.
Chupa ilipasuka kila mara,
nami nikafagia vigae na jivu,
nikakusanya matone ya zebaki kwa unyoya wa bata.

Bwana wa ngome alituma karani, halafu askari.
Alikuwa ametoa makaa, kuni,
nguruwe wawili kila majira ya baridi.
Sasa alitaka kuona.

Usiku wa kuamkia siku hiyo
nilivua pete nikande unga.
Nilipomaliza kunawa, haikuwapo.

Asubuhi Vavrinec aliikoroga risasi kwa fimbo nyeusi.
Nikavukuta. Nikanusa nta,
na nta haina kazi ndani ya tanuri.
Risasi ilipokwisha kuliwa na moto
kikabaki kitone chini ya kikombe cha majivu,
dhahabu yenye wekundu kidogo, wa shaba,
mchanganyiko wa sonara mmoja tu, wa mtaani kwetu,
anayewafulia maskini wanaooa.

Wageni walipiga magoti.
Nami nikavukuta.
Angegeuka kunitazama, ningepiga kelele.
Hakugeuka.

Mwiteni mtakavyo.
Mimi nasema alinunua mwaka.
Mwaka mmoja tu, Ofka, aliniambia gizani,
wekundu umekaribia, nauona.
Na kweli aliuona: meno yamekuwa meusi,
mikono inatetemeka kama kioo mkokoteni ukipita,
na kila ukuta wa jikoni kwake ulikuwa alfajiri.
Mwaka wenyewe haukutimia.

Vyombo nilibaki navyo: chungu, bomba, shingo ya shaba.
Sasa nakeneka plamu.
Matone hutoka meupe, moja, moja,
wachimbaji huyaita maji ya uzima
na hawaniulizi batini yake.

Kila sikukuu ya Mtakatifu Barbara
bwana huja kanisani, kifuani ananing'iniza
nishani iliyofuliwa kwa dhahabu ya muujiza.
Akipita, naanguka magoti kabla ya wote.
Amekwisha kuniona. Husema,
mjane yule ni mnyenyekevu.

Mimi naiamkia pete yangu.

Mwaka huu alisimama karibu sana.
Fundi amechora juu yake jua lenye macho na pua,
uso wa kijinga, wenye kushiba.
Nikampima kwa jicho.
Hata ningerudishiwa leo, isingeingia:
mvukuto umeninenepesha vidole.