Mipira Iliyokuja na Gari

Minne. Ilikuja na pikapu kutoka huko ilikoundwa,
ubavuni imechorwa mlima mdogo, na ndani ya mlima
kitu kama nyota, kama ua la mkilua.
Mcha Shaame alikipangusa kwa kidole cha grisi:
"Hii alama ya theluji, dada Mize.
Mpira huu una ruhusa ya theluji."
Tukacheka sote wawili, pale Machomane,
vuli ikigonga bati lake,
jasho likitushuka hadi viwikoni.

Miaka saba niliitembeza na ruhusa yake.
Ilikanyaga udongo mwekundu, makonyo, samadi,
matope ya mpunga,
maji ya chumvi siku ile bahari ilipopanda ikaila njia.
Ilibeba magunia ya karafuu,
juu ya magunia wachumaji,
juu ya wachumaji kelele zao.
Theluji haikuiona. Wala haikuiulizia.

"Kashata zimekwisha," kasema Mcha.
Akasimamisha sarafu ya mia mferejini,
ikakaa karibu yote nje,
kama mtoto kwenye maji ya kupwa.
Nikapapasa. Palipokuwa na meno
pamelainika mithili ya kisigino cha bi harusi.

Tukabishana.
Yeye alitaka ya namna ileile, meno mapana, nyuzi kumi:
"Konde ni konde, dada. Lami haizai karafuu."
Mimi nikasema lami imeshafika kwa muuza mkaa,
hapo mbele zimebaki hatua mia tatu za tope,
nitazipita kwa bismillahi.
Akatikisa kichwa akihesabu fedha yangu.
Akaihesabu tena.

Nati zililia. Moja ikagoma kabisa,
hata Asaa, kijana wake, akaipanda spana kwa miguu miwili
akarukaruka juu yake,
ikatoa mlio mmoja, mfupi, ikaachia.
Kisha Mcha akachokoa kwa bisibisi yaliyokwama:
kijiwe cheupe cha Makangale,
nusu ya kifungo cha shati,
msumari uliokaa humo bila kutoboa, sijui tangu lini,
na konyo moja, kavu,
harufu yake bado imo.
Nililinusa. Nikalitia pochini, sikusema kitu.

Miwili imechukuliwa na watu wa gati, Wete,
wakaifunge pale chombo kinapojigonga.
Mmoja nitaujaza udongo, niatike miche.
Wa nne Mcha aliupiga teke, akausikiliza:
"Huu hata ndara hauwi."
Nao ndio uliokuwa chini ya mlango wangu,
upande ninaokalia.

Njiani nikadhani nimezibwa masikio.
Mipira mipya haisemi neno.
Ile ya kale ikivuma tangu kona ya kwa Mbarouk,
vuuu, mzinga wa nyuki ulioguswa,
na mkwe wangu akiusikia hubandika chai,
Tumu hutoka mbio kuondoa gogo la mlangoni,
mbuzi hujiondokea wenyewe, bila honi, bila tusi.
Nami miaka yote hiyo nikijua wananipenda,
nisijue ni nani anayewapasha habari.

Jana mbuzi walilala katikati ya njia.
Nikashuka, nikawasukuma kwa mikono.
Tope la hatua mia tatu lilinishika mara mbili,
nikamkumbuka Mcha, nikamtukana, nikamwombea radhi.
Nilipofika gogo liko palepale.
Moshi hakuna. Redio ndani inasoma bei.
Taa za gari zimeumulika ua wa makuti mpaka kila kuti likaonekana,
na mimi nimesimama nje, ufunguo mkononi,
matope hadi magotini,
sijui niite au nipige honi.

Nikapiga hodi.

Redio ikapunguzwa.
Kisha sauti ya Tumu, ile anayowawekea wageni:
"Nani?"